Nani ahame na nani, nani asikae na nani: jinsi klasta inavyojipanga seva inapokufa

Oktoba ikiingia, mizani za AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, huanza kazi kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, na malori ya korosho ghafi hupanga foleni nje ya maghala makuu. Kila mzigo una rekodi yake: uzito, daraja, jina la mkulima, akaunti yake ya benki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, rekodi ya namna hiyo ndiyo inayomshikia mkulima haki yake hadi mnada upite na fedha ziingie. Ikivurugika, korosho zipo ghalani lakini mwenye mali anaanza kubishana na karani.

Mfano nitakaoutumia humu ni mfumo wa kutunza rekodi hizo. Ni wa kubuni, lakini hauna kitu ambacho msimamizi wa mifumo wa mjini Mtwara au Lindi hakijui. Tuseme chama kikuu kimoja cha ushirika kina seva 3, yaani kompyuta zinazozihudumia nyingine, katika chumba kimoja, zimeunganishwa zikawa klasta. Kila seva ina kazi zake, na kila moja huwatumia wenzake ishara ya uhai kila baada ya sekunde chache. Moja ikinyamaza, zilizobaki huzichukua kazi zake.

Maelezo mengi ya klasta huishia hapo, kana kwamba kuchukua kazi ya mwenzako ni jambo la mara moja. Ugumu wenyewe ndipo unapoanza. Kazi ya seva si kitu kimoja. Programu ya stakabadhi inahitaji kanzidata, yaani hifadhi iliyopangwa ya rekodi. Kanzidata inahitaji diski zenye data. Makarani wa maghalani wanaifikia kwa anwani moja ya mtandao, nayo anwani hiyo haiwezi kuwa kwenye seva mbili kwa wakati mmoja. Ukihamisha programu ukaacha diski, umehamisha jina tupu. Ukihamisha diski ukaacha anwani, data ipo lakini hakuna anayeifikia.

Ndiyo maana watengenezaji wa klasta walikuja na wazo la kundi la rasilimali. Rasilimali ni chochote ambacho seva inakishikilia: diski, anwani, programu, faili linaloshirikiwa. Kundi ni rasilimali zinazohama pamoja, zinazomilikiwa na seva moja tu kwa wakati mmoja, zinazowashwa kwa mpangilio kuanzia chini kwenda juu (diski, kisha kanzidata, kisha programu) na kuzimwa kinyume chake. Kampuni ya Digital ilitangaza klasta za kompyuta zake za VAX mwaka 1983. IBM ikaleta HACMP mwaka 1991, Microsoft ikafuata na klasta ya Windows NT mwaka 1997, na kwenye Linux wengi leo wanatumia Pacemaker. Majina na mbinu vinatofautiana, ila wazo la kuhamisha vitu kwa makundi limeenea.

Swali ni nani anayapanga hayo makundi.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa msimamizi. Anakaa, anachora, anaandika: hiki kiko na hiki. Kazi hiyo ikifanywa vizuri siku ya kwanza, bado inachakaa kimyakimya. Msimu unaofuata mtu anaongeza programu ya kuwatumia wakulima meseji za bei ya mnada. Programu hiyo inasoma orodha ya namba za simu, na orodha imewekwa kwenye diski ya kundi jingine kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mfumo unafanya kazi vizuri mwaka mzima, kwa kuwa makundi yote mawili yako kwenye seva moja. Siku seva ikifa, kundi moja linakwenda kulia na jingine kushoto, na programu ya meseji inawaka bila orodha yake. Hakuna aliyefanya uzembe unaoonekana. Karatasi ya makundi ndiyo iliyopitwa na wakati.

Kupanga makundi kiotomatiki ni kuiambia mashine isome uhusiano huo yenyewe, kila mara unapobadilika. Namna inavyofanya si uchawi, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Mashine huanza chini kabisa, kwenye diski. Inaangalia ni diski zipi zinazoweza kufikiwa na seva zaidi ya moja. Kisha inaangalia maeneo ya kuhifadhia data yamelazwa juu ya diski zipi. Tuseme eneo la kanzidata ya stakabadhi limetandazwa juu ya diski A na diski B kwa pamoja, nusu huku nusu kule. Kuanzia hapo A na B hazitenganishiki: seva moja ikiwa na A na nyingine ikiwa na B, hakuna yenye kanzidata iliyokamilika. Picha za karatasi zilizopigwa skani ziko diski C. Mishahara ya watumishi wa chama iko diski D. Baadaye mashine inapanda juu: programu ipi imefungua faili kwenye eneo lipi, inasikiliza kwenye anwani ipi, inaita programu gani nyingine.

Matokeo yake ni mchoro wa nukta na mishale. Kila rasilimali ni nukta. Kila mshale unasema huyu anamhitaji yule. Ukitaka makundi, sahau kwanza mwelekeo wa mishale. Shika nukta moja, fuata kila mstari unaoigusa, kisha kila mstari unaogusa ulizozifikia, hadi pasiwe na pa kwenda. Ulizozipita zote ni kundi moja. Shika nukta nyingine ambayo hujaifikia, rudia. Katika mfano wetu yanatoka makundi matatu: la kwanza ni stakabadhi pamoja na diski A na B, kanzidata na anwani yake; la pili ni picha na diski C; la tatu ni mishahara na diski D. Halafu ukiurudisha mwelekeo wa mishale ndani ya kila kundi, unapata mpangilio wa kuwasha: kinachohitajiwa hutangulia anayekihitaji. Hesabu hii ni ndogo mno kwa kompyuta. Hata rasilimali zikiwa maelfu, inamalizika haraka sana, na inaweza kurudiwa kila diski au programu inapoongezwa.

Sasa fikiria fundi mmoja, kwa nia njema, anaelekeza kumbukumbu za matukio za programu ya mishahara ziandikwe diski B kwa sababu D imejaa. Mstari mmoja mpya umechorwa. Mashine ikirudia hesabu, kundi la mishahara na kundi la stakabadhi yamekuwa kundi moja. Kwa mujibu wa kanuni, mashine iko sahihi kabisa: diski B haiwezi kuwa kwenye seva mbili. Lakini kuanzia siku hiyo, mishahara ikigoma kuwaka, klasta inaweza kuamua kulihamisha kundi zima, na foleni ya malori Masasi ikasimama kwa ajili ya kitu ambacho hakihusiani na korosho hata kidogo.

Hili ndilo ninalotamani mafundi wetu walielewe kuliko jambo jingine lolote kuhusu klasta. Kundi kubwa si kundi salama. Kadiri vitu vingi vinavyofungwa pamoja, ndivyo kitu kidogo kinavyopata nguvu ya kuvivuta vyote.

Kuna sababu nyingine ya kutaka makundi madogo, nayo ni nafasi. Seva zetu 3, kila moja inatumia asilimia 60 ya uwezo wake. Moja ikifa, kuna mzigo wa 60 unaotafuta pa kwenda. Ukiwa makundi mawili ya 30 kila moja, kila seva iliyobaki inapokea 30 na kufikia 90. Inabana, lakini kazi inaendelea. Ukiwa kundi moja lisilogawanyika, yote 60 inaangukia seva moja, na 60 na 60 ni 120. Seva hiyo nayo inazidiwa, inaacha kutuma ishara ya uhai kwa wakati, inahesabiwa kuwa imekufa, na mzigo wa 120 unatupwa kwa seva ya mwisho. Umeme haukukatika, diski haikuharibika, na klasta nzima imelala kwa sababu ya namna ilivyopangwa.

Kwa hiyo mfumo mzuri wa kupanga hauishii kwenye kufuata mistari; unauliza kila mstari una uzito gani. Kuna utegemezi mgumu, kama kanzidata kwa diski yake, na kuna utegemezi laini, kama programu ya stakabadhi kwa printa ya ripoti. Ule laini unapaswa kushawishi mahali pa kukaa, usilazimishe. Pacemaker hulisema hili kwa alama: unaweza kuandika kwamba vitu viwili vikae pamoja kwa lazima, au vikae pamoja ikiwezekana, au visikae pamoja kamwe. Klasta ya Microsoft ina njia yake: unaweza kusema rasilimali fulani ikianguka isilihamishe kundi, na katika matoleo ya awali mpangilio wa kawaida ulikuwa kuijaribu kuiwasha tena mahali ilipo hadi mara 3 ndani ya sekunde 900 kabla ya kuhamisha kundi lote. Uamuzi wa mstari upi ni mgumu na upi ni laini ndio ambao mashine haiwezi kabisa kuupata kwa kuchungulia faili zilizofunguliwa. Lazima aseme mtu anayejua korosho zinavyopokelewa.

Madhara ya kuhamisha nusu yalionekana wazi tarehe 21 Oktoba 2018 kwa GitHub, huduma ambayo watengenezaji programu duniani kote, wa hapa nyumbani wakiwemo, huhifadhia kazi zao. Mafundi wake walikuwa wakibadilisha kifaa cha nyaya za mwanga upande wa mashariki wa Marekani, na mawasiliano kati ya kitovu chao cha mtandao na kituo chao kikuu cha data yakakatika kwa sekunde 43. Ndani ya sekunde hizo, programu inayosimamia kanzidata ilihesabu waliobaki hewani, ikaona mashariki haijibu, ikahamishia uandishi wa kanzidata pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, programu za huduma zilikuwa bado mashariki na kanzidata inayoandikwa iko magharibi. Mbaya zaidi, kulikuwa na maandishi ya sekunde chache yaliyobaki mashariki bila kunakiliwa, kwa hiyo haikuwezekana kurudi nyuma kirahisi. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Umbali ndio ulioutenga mwili na moyo hapo. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 4,000 kwenda na 4,000 kurudi ni milisekunde 40, hata pasipokuwa na kifaa chochote njiani cha kuchelewesha. Ukurasa unaouliza kanzidata mara 50, swali baada ya swali, unakula sekunde 2 kwa kungoja tu. Kati ya Mtwara na Lindi, kiasi cha kilomita 110, safari ya kwenda na kurudi ni zaidi kidogo ya milisekunde 1. Hapa kwetu kosa hilo hilo lingeuma kidogo, na hilo ni jambo la kushukuru unapopanga klasta ya mikoa hii miwili. Lakini ukiweka programu Mtwara na kanzidata nje ya nchi, umerudi kule kule.

Hadi hapa nimezungumzia vitu vinavyopaswa kukaa pamoja. Upande wa pili una kanuni iliyo kinyume kabisa: nakala za data ile ile zisikae pamoja. Na hapa upangaji wa makundi unaleta jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Chukua seva 9, na kila fungu la data linatunzwa katika nakala 3. Njia inayoonekana ya haki ni kutawanya: fungu hili liko seva 1, 5 na 8, lile 2, 3 na 9, na kuendelea kwa bahati nasibu. Seva 9 zinaweza kutoa michanganyiko 84 ya seva tatu tatu. Mafungu yakiwa mengi, michanganyiko yote 84 itakuwa imetumika. Maana yake ni kwamba seva 3 zozote zikifa kwa pamoja, ziwe zipi, kuna fungu ambalo nakala zake zote zilikuwa humo. Umepoteza data kwa hakika. Sasa zigawe seva hizo katika makundi matatu ya seva tatu, na kila fungu likae ndani ya kundi moja. Michanganyiko inayoua ni 3 tu kati ya 84. Seva ni zile zile, nakala ni zile zile, na hatari ya kupoteza chochote imeshuka kutoka hakika hadi chini ya asilimia 4.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliliweka wazo hili kwenye vipimo mwaka 2013. Walianza na jambo ambalo mafundi wa vituo vikubwa wanalijua: umeme ukikatika kituo kizima na kurudi, nusu asilimia hadi asilimia 1 ya seva haziamki. Kwa mfumo wa seva 5,000 wenye kutawanya nakala ovyo, uwezekano wa kupoteza data katika tukio kama hilo ulikuwa asilimia 99.99. Kwa kupanga seva katika seti zilizochaguliwa, ulishuka hadi asilimia 0.15. Gharama ipo: siku bahati mbaya ikitokea, unapoteza kingi kwa mara moja badala ya kidogo mara nyingi. Kwa rekodi za wakulima mimi ningechagua njia hiyo bila kusita, kwa sababu kurejesha data kutoka nakala za akiba kunachosha karibu sawa, iwe umepoteza rekodi kumi au elfu kumi.

Lakini hesabu ya 3 kati ya 84 ina sharti lake: seva 3 zinazokufa pamoja ziwe zimeokotwa ovyo. Katika maisha haziokotwi ovyo. Zinakufa pamoja kwa sababu zina kitu kimoja nyuma yake: UPS moja (betri ya akiba ya umeme), swichi moja ya mtandao, chumba kimoja chenye kiyoyozi kibovu, mtaa mmoja. Makundi yakipangwa bila kukijua kitu hicho, unaweza kuziweka nakala zote 3 juu ya UPS moja kwa uangalifu mkubwa.

Watanzania tulionja jambo hili tarehe 12 Mei 2024. Intaneti ilidorora nchi nzima kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa na hitilafu kwa wakati mmoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwenye karatasi zilikuwa njia mbili, za wamiliki wawili. Juu ya sakafu ya bahari zilikuwa njia moja.

Kusini tuna mifano yetu wenyewe. Seva moja Mtwara na nyingine Lindi zinaonekana zimetengana vya kutosha: miji miwili, majengo mawili, mafundi wawili. Ila kwa miaka mingi mikoa yote miwili ilitegemea umeme unaozalishwa Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa. Hitilafu moja katika mtambo huo iliweza kuzima pande zote mbili. Unasema kuna jenereta. Sawa, na mafuta yanapita wapi? Mei hiyo hiyo ya 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga. Kwa mashine inayopanga makundi, Somanga haipo. Hakuna faili inayoweza kuisoma ikajua kwamba jenereta ya Lindi na ile ya Mtwara zinanyweshwa na barabara moja.

Hapo ndipo otomatiki inapofikia mpaka wake, na si aibu kuusema. Utegemezi ulio ndani ya kompyuta mashine itauona vizuri kuliko binadamu. Utegemezi ulio nje, wa waya, nguzo, daraja na mtambo, lazima uandikwe na mtu. Mifumo ya kisasa imeacha nafasi ya kuuandika: katika Kubernetes, programu ya kuendesha kazi kwenye seva nyingi, kwa mfano, kila seva inaweza kubandikwa lebo inayosema iko kanda ipi, na kanuni ikasema nakala zitawanywe kwa kanda. Mfumo utaitii lebo hiyo bila kuuliza kama ni ya kweli. Ukiandika Mtwara na Lindi kuwa kanda mbili, itaamini ni kanda mbili. Ushauri wangu ni kuandika lebo kwa chanzo cha umeme na njia ya faiba kwanza, jina la mji baadaye.

Kabla ya kundi lolote kuhama, kuna jambo moja la lazima: waliobaki wawe na akidi. Kama mkutano mkuu wa chama usivyoweza kupitisha azimio bila akidi ya wajumbe kutimia, ndivyo sehemu ya klasta isiyofikisha zaidi ya nusu ya kura isivyoruhusiwa kumiliki kitu. Mtwara ikiwa na seva 2 na Lindi 2, na faiba kati yao ikakatika, kila upande una kura 2 kati ya 4 na hakuna mwenye wingi. Bila kanuni hiyo, pande zote mbili zingewasha kanzidata, na stakabadhi namba moja ingetolewa kwa wakulima wawili. Tiba ni kura ya tano kutoka mahali pa tatu, tuseme Dodoma, penye umeme na njia nyingine ya mtandao. Si lazima iwe seva yenye data. Inatosha iwe shahidi mdogo anayejibu tu kwamba yupo. Upande utakaomfikia unafikisha 3 kati ya 5. Na upande ulioshindwa unapaswa kuzimwa umeme kwa amri, kama njia ipo, kabla kundi halijawashwa kwingine, kwa sababu seva iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. Inaweza kuwa inaandika bado.

Yote haya yanapimwa kwa njia moja: kuzima kwa makusudi. Wakati wake kwa mikoa yetu ni Aprili, minada imeisha na ugawaji wa salfa, dawa ya mikorosho, haujashika kasi. Chagua seva, ichomoe, kisha andika kundi gani limehama, limekwenda wapi, nini kiliwaka kabla ya nini, na kimechukua sekunde ngapi. Weka orodha hiyo kando ya makundi ambayo mashine iliyahesabu. Kitu kilichogoma kuwaka ilhali hesabu ilisema kimekamilika kina mshale ambao haujachorwa. Utafute, uchore, rudisha seva, kisha siku inayofuata chomoa swichi.